GIA YA LORI INAYOCHOMOKA: TAFUTA CHANZO KABLA YA KUFUNGUA SANDUKU

Katika magonjwa yote ya lori, ni machache yanayomtia dereva hofu kama gia inayochomoka yenyewe. Dereva ametia gia ya tatu sawasawa, ameondoa mkono wake, na lori linakwenda vizuri. Ghafula mkono wa gia unaruka na kurudi katikati, injini inanguruma bure, na magurudumu hayavutwi tena na injini wala hayazuiwi nayo. Katika uwanda jambo hili ni usumbufu tu. Lakini katika mteremko mkali, kama ule wa kutoka Kimende kushuka Mai Mahiu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ni jambo la kufa na kupona, kwa maana lori lenye mzigo limebaki na breki peke yake.

Tena ni ugonjwa unaokula fedha nyingi pasipo sababu. Aghalabu mwenye lori husikia neno "gia" akadhani mara moja kwamba meno yameharibika ndani. Sanduku la gia, ambalo mafundi huliita giaboksi, huteremshwa na kufunguliwa, vipande hununuliwa kwa bei kubwa, kisha lori hurudi barabarani na gia huchomoka vile vile. Kumbe chanzo kilikuwa mpira wa kukalia injini uliopasuka, au nati moja iliyolegea. Kwa hiyo shabaha ya somo hili ni moja: kumwonyesha dereva na fundi namna ya kuuliza maswali kwanza, na kuchunguza kutoka nje kwenda ndani, ili sanduku lisifunguliwe ila kwa sababu inayojulikana.

JE, NI GIA AU NI KLACHI?

Watu wengi huchanganya magonjwa mawili yasiyo na udugu. La kwanza ni klachi inayoteleza. Hapo mkono wa gia hukaa mahali pake, lakini ukikanyaga akseleta injini huongeza mbio na lori lisiongeze mwendo, hasa mlimani, na mara nyingi husikika harufu ya kuungua. La pili ni gia inayochomoka. Hapo mkono wa gia wenyewe hutoka mahali ulipotiwa na kurudi katikati, pasipo mtu kuugusa. Basi jambo la kwanza ni kuutazama mkono wa gia. Ikiwa haukusogea, usilaumu meno ya gia, kaangalie klachi. Ziko aina za malori makubwa ambazo hazifuati kanuni hii kila mara, nazo tutazieleza mbele.

SANDUKU LA GIA HUFANYAJE KAZI?

Asiyejua kitu kinavyoshikwa hawezi kujua kwa nini kimeachiliwa. Katika sanduku la lori mna shafti ya kuingilia itokayo kwenye klachi, shafti ya pembeni yenye magurudumu ya meno, na shafti kuu ipelekayo nguvu nyuma. Katika masanduku mengi magurudumu ya meno yamekwisha kuumana siku zote, hata wakati gari halina gia. Yale ya shafti kuu huzunguka bure mpaka moja lifungwe pamoja na shafti.

Kazi hiyo ya kufunga hufanywa na pete nene ya chuma yenye meno upande wa ndani. Katika somo hili tutaiita bangili. Unapotia gia, mkono wako husukuma fimbo, fimbo husukuma uma, na uma huisukuma bangili mpaka meno yake yakamate meno madogo yaliyo ubavuni mwa gurudumu unalolitaka. Katika kila fimbo mna vishimo vidogo, na gololi moja ya chuma husukumwa na springi ili ianguke katika kishimo. Ule mguso unaousikia mkononi gia inapoingia, ndio gololi ikianguka mahali pake.

Lakini gololi peke yake haiwezi kuishika gia wakati lori linavuta tani nyingi. Siri kubwa imo katika umbo la meno. Meno ya bangili na meno madogo ya gurudumu huchongwa kwa mshazari kidogo, hata nguvu ya injini inapozidi, bangili huvutwa ndani zaidi badala ya kusukumwa nje. Meno hayo yakilika na kuwa mviringo, mshazari hugeuka adui: nguvu ile ile iliyokuwa ikivuta bangili ndani sasa huisukuma nje, na gololi haina uwezo wa kuizuia.

Neno moja zaidi. Kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno, yaani sinkronaiza, kilianza kuuzwa katika motokaa za Cadillac mwaka 1928, nacho siku hizi kimo katika malori mengi. Kazi yake ni kuzuia kelele ya kusagana wakati wa kutia gia. Ikichakaa, gia huingia kwa shida na kwa kelele. Lakini ikiwa gia imekwisha kuingia kabisa, si sinkronaiza inayoishika. Msilaumu kifaa kwa kazi isiyo yake.

MASWALI MATATU

Kama vile daktari amwulizavyo mgonjwa kabla ya kumgusa, fundi na amwulize dereva maswali haya matatu.

Swali la kwanza: Ni gia ipi? Ikiwa ni moja tu, yaelekea ubaya umo katika meno ya gia hiyo au katika uma wake. Ikiwa ni mbili zinazotumia fimbo moja, mathalani ya tatu na ya nne, shuku uma, gololi na springi ya fimbo hiyo. Ikiwa ni zote, hapana uwezekano mkubwa kwamba meno yote yameharibika pamoja; tafuta jambo linalozigusa zote, kama vile mipira ya injini, viungo vya mkono wa gia, bolti za sanduku, au beringi za shafti.

Swali la pili: Huchomoka wakati gani? Ikichomoka wakati injini inavuta kwa nguvu mlimani, au wakati mguu umeondolewa kwenye akseleta na mzigo unaisukuma injini mteremkoni, basi nguvu inaisukuma bangili nje polepole, na dalili zaelekea kwenye meno, uma au beringi. Hata upande wa meno waweza kujulikana: wakati wa kuvuta, meno hubeba mzigo kwa ubavu mmoja, wakati wa kuzuia, hubeba kwa ubavu wa pili. Lakini ikichomoka kwa ghafula gari linapopiga shimo au kupita juu ya matuta, jambo ni jingine. Hapo mtikisiko ndio unaong'oa gololi katika kishimo chake, na chanzo aghalabu ni nje ya sanduku.

Swali la tatu: Ilianza lini? Ugonjwa ulioanza kidogo kidogo kwa miezi ni wa kuchakaa. Ugonjwa ulioanza siku moja baada ya lori kutoka gereji ni wa kazi iliyofanywa gereji. Pengine klachi ilibadilishwa, na bolti hazikukazwa sawa, au uchafu uliachwa kati ya sanduku na nyumba ya klachi, hata shafti hazisimami tena katika mstari mmoja.

Ikiwa dereva hana hakika ya majibu, lori lijaribiwe kwenye barabara tambarare isiyo na watu, kamwe si mteremkoni. Katika kila gia kanyaga akseleta kwa nguvu, kisha ondoa mguu kwa ghafula, tena na tena, na kuandika kila jambo linaloonekana.

UCHUNGUZI WA NJE

Kabla ya kazi yoyote, simamisha lori mahali tambarare, zima injini, funga breki ya mkono, na kuweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Mtu asiingie kamwe chini ya lori linaloshikwa na jeki peke yake.

1. Mkono wa gia. Tia kila gia na kutazama kama mkono unagonga kiti, dashibodi, au mzigo uliowekwa karibu nao. Tazama mfuko wa mpira unaofunika shina lake. Ukikauka na kuwa mgumu waweza kuusukuma mkono nyuma. Ikiwa mtu aliurefusha mkono au kuutia kichwa kizito cha kupendeza, kiondolewe, maana uzito huo huyumba kila gari linapotikisika na kuivuta fimbo ya gia.

2. Viungo vya kati. Katika malori ambayo kichwa chake huinuliwa mbele, mkono wa gia hauko juu ya sanduku, bali hufika huko kwa vyuma virefu au nyaya. Kila kiungo kikichakaa kidogo, mwendo wa mkono hupotea njiani, na bangili haifiki mwisho. Jaribio lake ni rahisi. Taniboi aketi ndani na kutia gia inayosumbua. Wewe uliye chini piga alama ya chaki mahali mkono mdogo wa sanduku ulipofikia. Kisha fungua kile chuma kirefu, na kuusukuma mkono mdogo kwa mkono wako upande ule ule. Ukienda mbele zaidi ya alama, basi gia haikuwa ikiingia yote. Rekebisha urefu wa chuma, au badilisha vichwa vyake vilivyolegea, na huenda kazi ikawa imekwisha.

3. Mipira ya injini. Injini na sanduku hukaa juu ya mipira ambayo mafundi huiita mauntingi. Mpira uliolowa oili hulainika, huvimba na kupasuka. Hapo injini huruka kila unapokanyaga akseleta, nayo huondoka na sanduku lake, ilhali vyuma vya gia vimefungwa kwenye chesisi na havisogei. Ndivyo gia inavyong'olewa. Injini ikiwa imezimwa, inua taratibu kwa mtaimbo karibu na kila mpira. Ukiona ufa ukifunguka, au chuma kikiachana na mpira, umekwisha kupata mwizi. Dalili nyingine ni hii: barabarani mkono wa gia huenda mbele na nyuma kila unapokanyaga akseleta na kuiachilia.

4. Bolti. Kagua kwa spana bolti zote zinazofunga sanduku kwenye nyumba ya klachi, na nyumba hiyo kwenye injini. Ukiona mahali chuma kimesuguana kikang'aa, au unga wa kutu unatokeza kwenye maungio, sanduku limekuwa likicheza.

OILI HUSEMA KWELI

Ikiwa hayo yote ni mazima, iulize oili. Uimwage ikiwa na joto kidogo kutokana na safari, lakini isiwe ya kuunguza, katika karai safi. Kwanza tazama kiasi chake, maana oili ikipungua beringi huungua. Kisha futa sumaku ya kizibo, ikiwa ipo. Ungaunga laini wa kijivu ni wa kawaida, nao hutokana na kuchakaa kwa kila siku. Vipande vya chuma unavyoweza kuvihisi kwa vidole ni vya meno au vya beringi. Chembe za rangi ya njano hutoka katika pete za shaba za sinkronaiza, au katika vipande vingine vya shaba. Unaporudisha oili, tumia aina iliyotajwa na mtengenezaji wa lori. Nyingine haifai kwa kuwa ni ya bei ndogo.

SASA TUNAWEZA KUFUNGUA

Hata katika kufungua, anza na lililo karibu. Katika masanduku mengi gololi na springi hufikiwa kwa kuondoa kizibo kidogo au kifuniko cha juu, bila kuliteremsha sanduku. Shika kitambaa juu ya tundu, maana springi huruka, na gololi ikianguka ndani itakulazimu kufanya kazi mara mbili. Zipange springi zote juu ya meza, moja karibu ya nyingine. Iliyovunjika au iliyo fupi kuliko wenzake itaonekana. Gololi iwe mviringo kamili, na vishimo vya fimbo visiwe vimelika kingo.

Kifuniko kikiwa kimeondolewa, tazama uma. Ncha zake zikilika, haziwezi kuisukuma bangili mpaka mwisho. Mara nyingi kosa hili si la chuma bali ni la dereva apumzishaye mkono juu ya mkono wa gia safari nzima. Uzito wa mkono wake huukandamiza uma kwenye bangili inayozunguka, mpaka ukalika.

Ukiona uma ni mzima, ndipo meno yakaguliwe. Meno mazima ya kukamatia yana kingo kali na ubavu mnyofu. Yaliyokwisha ni mviringo kama ncha ya kidole. Hapo badilisha gurudumu na bangili pamoja. Anayebadilisha kimoja ili kuokoa fedha atakuta chakavu kimeharibu kipya, na fedha zote mbili zimepotea.

Mwisho pima mchezo wa shafti kuu kwenda mbele na nyuma. Meno ya mshazari ya magurudumu huisukuma shafti kila wakati. Beringi zikilegea, shafti husogea na gurudumu hukimbia kutoka kwa bangili. Katika malori mengi iko gia moja ya juu ambayo hufunga shafti ya kuingilia na shafti kuu moja kwa moja. Ikiwa ni hiyo tu inayochomoka, kagua hasa beringi ya shafti ya kuingilia, na ile ndogo inayoshika ncha yake ndani ya gurudumu la injini.

MALORI YENYE GIA ZA UPEPO

Malori makubwa ya masafa marefu, yenye gia 9, 10, 13 au hata 18, huwa na sanduku la pili nyuma ya lile la kwanza, nalo hubadilishwa kwa upepo kwa kubonyeza kidude kilicho juu ya mkono wa gia. Sanduku hilo la nyuma laweza kuachilia wakati mkono wa gia haukusogea hata kidogo. Kwa hiyo mwenye lori la namna hii asiseme upesi kwamba klachi imekwisha. Kwanza apake maji ya sabuni kwenye mabomba na maungio ya upepo. Povu likivimba, upepo unatoka, na nguvu inayobaki haitoshi kuishika gia.

MAMBO YASIYOFAA

Wako madereva wanaofunga mkono wa gia kwa ukanda wa mpira wa tyubu ili usitoke. Haya si matengenezo. Meno yaendelea kulika, na siku ya haja dereva hawezi kubadilisha gia upesi. Wako pia mafundi wanaotia washa chini ya springi ili gololi ibane zaidi. Gia huwa ngumu kutia, ugonjwa hufichwa kwa majuma machache, kisha hurudi mkubwa kuliko kwanza.

IKICHOMOKA MTEREMKONI

Usianze kuhangaika na gia ndogo zaidi huku mwendo ukiongezeka, haitaingia. Kanyaga breki ya mguu kwa nguvu mara moja, wakati bado ni baridi, upunguze mwendo mpaka lori lisimame. Usiguseguse breki njia nzima, maana zikipata moto mwingi huacha kushika. Ukisimama, funga breki ya mkono, weka kabari, na usiendelee na safari. Ndiyo sababu dereva mwenye busara huchagua gia akiwa juu ya mlima, wala si katikati yake. Na lori ambalo gia yake imekwisha kuchomoka hata mara moja halipasi kupelekwa kwenye mteremko kabla ya chanzo kupatikana.

JIPIME MWENYEWE

La kwanza: lori huchomoka gia ya tatu peke yake, mlimani likiwa na mzigo. Viungo, mipira na springi ni vizima, na katika oili mna vipande vya chuma. La pili: gia zozote huchomoka kwenye barabara yenye mashimo, lakini katika lami laini hazichomoki hata mlimani. La tatu: gia ya juu ya moja kwa moja ilianza kuchomoka siku ile klachi mpya ilipotiwa.

Majibu: La kwanza, fungua sanduku, kwa maana dalili zote zaelekea kwenye meno ya gia ya tatu na bangili yake. La pili, usifungue. Kagua mipira ya injini, mkono wa gia na viungo vyake. La tatu, kagua bolti na usafi wa maungio ya nyumba ya klachi, pamoja na beringi ndogo ya ncha ya shafti, kabla ya kununua kitu chochote.

Aliyeyajibu haya matatu sawasawa amekwisha kulielewa somo, naye ataweza kumweleza fundi wake ugonjwa wa lori kabla spana haijashikwa.